Msumari wa Upande wa Kulia

Nakuru,
14 Machi 1971

Kwa Baba Mkubwa mpendwa,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye vumbi. Nyumbani kwangu wote ni wazima. Mke wangu amepona ile homa, na watoto wanakula kama nzige. Nilifurahi mno kupata barua uliyoiandika kwa mkono wako mwenyewe. Una miaka sitini na miwili, umeingia masomo ya ngumbaru juzi tu, na tayari Kiswahili chako kimenyooka kuliko cha karani wangu. Mwalimu akikufelisha mtihani, mlete kwangu.

Habari yangu kubwa ni kwamba nimepandishwa cheo. Sasa mimi ni Ofisa wa Ustawi wa Wafanyakazi hapa kwenye kinu cha unga cha Bwana Jayantilal. Mzungu aliyekuwa na kazi hiyo amerudi kwao, akaniachia meza, kengele na kitabu cha sheria chenye kurasa mia na arobaini. Nimekisoma chote. Kinaeleza hata mfanyakazi akiumwa na nyuki afanyiwe nini. Lakini jambo lililonifikia wiki ya kwanza halimo.

Langoni tuna ubao. Kila mtu akiingia asubuhi hutundika kisahani chake cha shaba chenye namba. Misumari ya kulia ni ya wanaume, ya kushoto ni ya wanawake. Bwana Jayantilal hupita saa mbili, hutupa jicho mara moja, na tayari anajua ana watu wangapi wa kubeba na wangapi wa kushona magunia.

Kuna mshonaji mmoja, Chepkurui, namba sitini na moja. Amefanya kazi miaka sita na hajachelewa hata siku moja. Jumatatu alitundika kisahani chake kulia. Karani akakihamisha. Jumanne kulia tena, na Jumatano vilevile. Alhamisi alikuja amenyoa nywele, amevaa ovaroli ya kaki, akamwambia karani mbele ya watu wote, "Kutoka leo mimi ni Kipkurui. Mimi ni mwanaume. Hiyo namba yangu uiache hapo."

Nilikwenda langoni nikiwa na hasira ya cheo kipya. Nilipomwona, hasira ikaniishia. Miaka sita nimempita mtu huyu akiwa ameinamia gunia, na ungeniuliza sura yake nisingeweza kukueleza. Siku hiyo alikuwa amesimama wima, ananitazama machoni, magoti yanatetemeka na haondoki. Nilijikuta nimevua kofia. Mpaka leo sijui niliivulia nini, ila nilijua kwamba mbele yangu kuna jambo kubwa kuliko mimi.

Bwana Jayantilal hakupiga kelele. Alisema, "Kimutai, mimi hapana taka ugomvi na mtu. Lakini hii ubao lazima isomeke. Mpaka mwisho ya mwezi ya sita wewe tengeneza hii maneno. Ikishinda wewe, huyu mtu aende." Nje ya hapa Chepkurui hana shamba, na kwao amebaki mama tu. Akifukuzwa, amekwisha.

Nakuuliza wewe kwa sababu unaijua njia hii. Ulizaliwa dada wa marehemu baba, lakini ulipomwoa Mama Chelagat, mimi nikiwa na miaka minane, baba alinikataza kukuita shangazi. Alisema tangu siku hiyo umehesabiwa mwanaume, utaketi na wazee, na mimi nikuite Baba Mkubwa. Basi niambie. Siku ile ilikuwaje? Moyoni ulijisikiaje? Nijibu upesi.

Wako mtiifu,
Kimutai

*

Molo,
9 Aprili 1971

Kimutai,

Salamu zako zimefika, na homa ya mkeo nimefurahi imekwenda. Huku mvua imeanza na barabara imekuwa uji, ndiyo maana barua hii imechelewa. Yako ililetwa na dereva wa lori la viazi, na yeye alikwama siku mbili. Viazi vya juu vimeshikwa na baridi vikawa vyeusi, vya chini vimepona. Chelagat anakusalimu. Mwanetu Kiplangat amemaliza chuo cha ualimu na amepelekwa Londiani. Ng'ombe mweupe amezaa ndama jike.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa sababu herufi zako ni mbaya. Mara mbili nyingine nilisoma pale penye magoti yanayotetemeka.

Nina maswali. Wewe umeniuliza mimi, umemuuliza Bwana Jayantilal, umeuliza kitabu. Je, umemuuliza mwenyewe? Nguo anabadilishia wapi? Nani anamcheka, na wewe huwa unafanya nini akichekwa? Chai ya saa nne anainywa na nani?

Tena naona yeye anasema Kipkurui, wewe unaandika Chepkurui. Chagua. Yeye ameshachagua.

Hayo mengine uliyoniuliza ni ya zamani. Karatasi imekwisha.

Baba yako Mkubwa,
Tapsubei

*

Nakuru,
2 Mei 1971

Kwa Baba Mkubwa mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa viazi. Hongera kwa ndama, na mpe Kiplangat hongera zangu kwa kuwa mwalimu. Mwambie asichape sana.

Nimefanya ulivyosema. Nilimwita Kipkurui ofisini, nikafunga mlango, nikamkaribisha kiti. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Nikamuuliza, "Haya maneno yalianza lini?"

Akasema, "Tangu nachunga mbuzi, bwana ofisa. Nilikuwa nangoja yaishe. Yakakataa kuisha."

"Na kwa nini sasa?"

"Mwezi wa kwanza niliumwa na mapafu, nikafikiri nakufa. Nikaona watanizika na jina si langu, na kaburini hakuna mtu ataniuliza. Nikasema nikipona, nitasema."

Baba, mimi ni mtu wa maneno mengi, unanijua. Nilimmiminia chai kwenye kikombe changu, basi. Mtu wa miaka ishirini na saba amekaa na jambo tangu utotoni, anashona magunia, anasema ndiyo bwana, ndiyo bwana, na ndani amelibeba peke yake bila kulidondosha. Mimi ukinipa siri ya wiki moja naumwa tumbo.

Nguo anabadilishia chooni. Sikujua. Wabebaji wawili humpigia mluzi akipita, na wengine wanasema anautafuta mshahara wa wanaume. Nilipomwambia hilo alisema mshahara ubaki ulivyo, yeye anataka msumari. Chai anakunywa peke yake nyuma ya stoo, kwa sababu wanawake hawajui wamkaribishe vipi na wanaume hawataki. Akoth, kiongozi wa washonaji, aliniambia, "Mimi sina ubaya naye, lakini nimwambie nini? Jana alikuwa dada yangu." Nimempa Kipkurui ufunguo wa stoo ndogo abadilishie nguo humo. Mluzi nao nimeupiga marufuku.

Sasa sikia busara ya mwanao. Nilikwenda kwa Bwana Jayantilal nikamweleza mila yetu, jinsi mwanamke asiye na mtoto wa kiume anavyoweza kutoa mahari akaoa msichana, watoto wakawa wake, naye akahesabiwa mwanaume na kila mtu. Nilikutaja wewe. Macho yake yaling'aa. Alisema, "Kumbe iko sheria! Kwa nini wewe hapana sema mapema? Basi aoe. Wazee shahidi, na sisi nahamisha namba."

Nikaona mlango umefunguka. Nimeshapata familia kule Kabazi. Msichana anaitwa Cheptoo, ana miaka kumi na minane, na baba yake amekubali. Harusi ni Jumamosi tarehe 19 Juni. Kipkurui aliposikia alisema, "Kama mlango ni huo mmoja tu, nitapita. Lakini huyo msichana atakuwa anafanya nini ndani ya maneno yangu?" Nikamwambia asijali, atazoea.

Tunaomba uje uongoze wazee. Nani anafaa kuliko wewe? Na swali langu hukulijibu. Siku ile moyoni ulijisikiaje? Ningependa kumwambia Kipkurui ajiandae vipi.

Wako mtiifu,
Kimutai

*

Nakuru,
30 Mei 1971

Kwa Baba Mkubwa mpendwa,

Natumaini ni barabara tu iliyozuia barua yako, wala si ugonjwa. Dereva wa lori ananiambia alikuona sokoni Molo ukibishania bei ya kabichi, kwa hiyo najua u mzima.

Zimebaki wiki tatu. Wazee wa Kabazi wanaulizia jina lako. Kipkurui amekonda. Nilidhani atafurahi. Niandikie hata mistari miwili.

Kimutai

*

Molo,
6 Juni 1971

Kimutai,

Sikuumwa. Nilikuwa na hasira, na mwalimu wa ngumbaru anasema mtu asiandike akiwa na hasira kwa sababu herufi zinalala. Nimengoja ipoe, haikupoa. Basi soma hivyo hivyo.

Umefanya ujinga ambao Mhindi hawezi kuufanya, wala Mzungu hawezi. Ni mtu wa kwetu tu anayeweza kuufanya. Umechukua mila ya watu ukaifanya kibali cha kupitia lango la kiwanda.

Mimi nilioa kwa ajili ya nyumba. Mume wangu alikufa bila kuacha mtoto wa kiume, na moto wa nyumba yake ungezimika. Mahari yangu ilitafuta mrithi. Huyo wako hatafuti mrithi. Ametafuta msumari, na msumari uko mkononi mwako. Nani amekuambia kwamba mtu akijijua ni lazima aonyeshe mke ndipo asadikiwe? Wewe ulipoingia kazini ulionyesha nani?

Halafu huyo Cheptoo. Nitakuambia jambo la nyumba hii, na usilirudie. Chelagat aliletwa kwangu akiwa na miaka kumi na saba. Mwaka wa kwanza hakusema neno. Alipika, alikama, alilala amegeukia ukuta. Watu walisema ana heshima. Haikuwa heshima. Alikuwa msichana aliyeingizwa kwenye shida ya mtu mwingine, na hakuna aliyemuuliza, hata mimi. Leo tunacheka pamoja, lakini mwaka ule siwezi kumrudishia. Kipkurui alikuuliza swali la maana kuliko yote yaliyosemwa katika barua zako, nawe ukamjibu kwamba msichana atazoea. Aibu.

Nenda Kabazi uombe radhi. Nenda mwenyewe, usitume barua. Kisha rudi ofisini ufanye kazi unayolipwa. Wamekuita Ofisa wa Ustawi. Basi ustawishe.

Sitakuja kuongoza wazee. Na lile swali lako acha kuniuliza.

Viazi vinaendelea vizuri.

Tapsubei

*

Nakuru,
4 Julai 1971

Kwa Baba Mkubwa mpendwa,

Salamu kwako na kwa Mama Chelagat. Naandika nikiwa nimeinamisha kichwa, ingawa mwisho wa barua utaona nimekiinua kidogo.

Kabazi nilikwenda, na kilo nne za sukari. Baba wa msichana alinigombeza kuanzia chai ya kwanza mpaka ya tatu. Nilipokuwa naondoka, Cheptoo mwenyewe alinisindikiza mpaka barabarani. Alisema, "Asante." Neno moja tu, akageuka.

Kipkurui nilimwambia harusi hakuna. Alishika meza kwa mikono miwili, akavuta pumzi ndefu. Nikamuuliza, "Unataka nikusaidie vipi? Sema wewe." Alitaka mambo matatu. Jina liandikwe kwenye daftari la wafanyakazi. Namba ikae kulia. Na mimi niwe nimesimama pale siku ya kwanza. Hilo la tatu alilisema akiangalia sakafu.

Nilimwendea Bwana Jayantilal siku tano mfululizo. Kila siku aliniuliza, "Iko wapi sheria?" Kila siku nikamjibu haipo. Siku ya tano alisema, "Basi wewe jaribu. Kama watu naacha kazi juu ya hii maneno, Kimutai, huyu naenda na wewe pia naenda." Mke wangu nilimwambia usiku huo. Alisema mama yake ana chumba Njoro, hatutalala nje. Nilimpenda upya.

Basi, Jumatano tarehe 30, siku ya mwisho niliyopewa, nilifika langoni kabla ya king'ora. Nilifungua daftari, nikaandika kwa wino: 61, Kipkurui. Alipokuja nilimpa kisahani. Nilitaka nikitundike mimi, nikakumbuka maneno yako kwamba ameshachagua, nikamwachia. Akakitundika kulia. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

Watu walisimama. Wabebaji upande huu, washonaji upande ule, na hakuna aliyeingia. King'ora kikalia, na bado hakuna aliyeingia. Nikaona Bwana Jayantilal anakuja kutoka kwenye gari lake, anafuta miwani. Nikasema moyoni, Njoro hiyo.

Wa kwanza kusogea alikuwa Akoth. Alitundika kisahani chake kushoto, akasimama mbele ya Kipkurui, akamtazama juu mpaka chini kama anayepima kitambaa. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Miaka sita nimekaa na wewe benchi moja na sikukujua. Ulikuwa unacheka na mdomo tu. Leo ndio naona macho yako inacheka. Kaka, karibu kazini." Akampa mkono, akaingia. Washonaji wote wakafuata, na kila mmoja akampa mkono. Walikuwa kumi na tisa. Niliwahesabu kwa sababu nilikuwa nazuia machozi.

Wabebaji walibaki. Hapo Wasike, mzee wa mzani, akapaza sauti kutoka ndani, "Nyinyi mnangoja padri? Lori tatu ziko hapa! Na huyo sitini na moja anajua kusoma, mimi namtaka kwa mzani. Kipkurui! Unakuja ama hukuji?"

Baba, ungemwona akiitika. Sikuwahi kujua kwamba mtu mzima anaweza kuitwa jina lake kwa mara ya kwanza mbele ya watu, na kwamba ukiwapo unaliona likimwingia. Alisema, "Nakuja, mzee," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na akaenda akikimbia kidogo. Ngozi ilinisisimka mpaka kisogoni. Nilisimama pale nimeduwaa, mtu mzima na tai yangu.

Bwana Jayantilal alifika kwenye ubao. Alivaa miwani, akasoma kulia, akasoma kushoto, polepole. Mwishowe akasema, "Nasomeka," akaenda kunywa chai yake.

Si wote waliokubali. Wabebaji wawili hawataki kunawa naye kwenye bomba moja, na mmoja ameacha kazi akisema ameona mwisho wa dunia. Nimewaambia hao wawili kwamba bomba ni la kampuni, wanaweza kunawa wakitaka. Mama yake Kipkurui hajui bado. Hilo analiogopa kuliko yote. Lakini chai anainywa kwa mzani na Wasike, na stoo ndogo ina komeo.

Ulinikataza kuuliza lile swali, na sitauliza. Ila nashangaa ulijuaje mambo haya yote, nguo, chai, jina, ukiwa huko kwenye baridi, na wakati huohuo unasema njia yako si njia yake.

Wako, aliyeadhibika,
Kimutai

*

Molo,
12 Agosti 1971

Kimutai,

Huku tu wazima. Kiplangat alikuja likizo amenenepa. Viazi tumeanza kuchimba. Barua yako niliiweka chini ya mto mwezi mzima, na kila nilipofika pale alipoitika niliiacha nikatoka nje. Nilisimama uani nikitazama milima ya Mau kama sijawahi kuiona. Asante kwa kuniandikia. Umefanya vizuri. Baba yako angekuwa hai angekuchinjia.

Uliniuliza siku ile nilijisikiaje moyoni, na nilikujibu viazi, nikakujibu ng'ombe, nikakugombeza. Sasa kaa chini.

Mume wangu alipokufa, ndugu zake walianza kupima shamba kwa macho. Baba yako ndiye aliyeleta shauri kwamba nioe, na lilikuwa shauri zuri. Liliokoa nyumba hii, likanipa Kiplangat. Silaumu mtu. Walininyoa, wakanipa fimbo na blanketi la kiume, wakanikalisha kwa wazee na mrija wa pombe mkononi. Kila mtu alifurahi. Asubuhi yake wanawake walipita nje wakienda kuni, wale niliokua nao, wanaimba. Walipofika kwangu waliteremsha sauti, wakanisalimu kwa heshima, wakapita. Nilisimama mlangoni na fimbo yangu. Hakuna aliyeniita. Miaka ishirini na mitatu hakuna aliyeniita kwenda kuni.

Mimi ni mwanamke, Kimutai. Nilikuwa mwanamke asubuhi ile, na ni mwanamke sasa hivi ninapoandika. Nimeitwa baba, nimeitwa mzee, nimeamua kesi za mipaka na za mahari, na nimeziamua vizuri. Nyingine nilizipenda. Lakini kila nilipoitwa, kulikuwa na mtu ndani yangu aliyechelewa kuitika.

Ndivyo nilivyojua. Sikujua kwa sababu Kipkurui na mimi tunafanana. Yeye amebeba gunia lilelile, ila kwa bega la pili. Aliitwa mwanamke na hakuwa. Mimi niliitwa mwanaume na sikuwa. Mtu aliyebeba gunia anajua mahali linapochuna.

Na kinachonishangaza mpaka nakaa kitandani nimefumbua macho ni hiki. Mshonaji wa magunia, asiye na ng'ombe, asiye na baba wa kumsemea, alitundika kisahani chake siku nne mfululizo huku wanakihamisha. Mimi nina shamba, nina jina, nina wazee wanaonisikiliza. Sikutundika hata siku moja.

Chelagat hajui ninayoyaandika. Usinijibu haraka.

Tapsubei

*

Nakuru,
29 Agosti 1971

Salamu kwako.

Leo hapo juu sikuandika jina. Nilikaa na kalamu tangu tutoke kanisani, mke wangu akaniuliza kama nimekosana na mtu. Nikasema hapana, nimeheshimiwa kuliko ninavyostahili.

Ulisema nisijibu haraka. Nimengoja siku tisa tangu barua ifike, zaidi siwezi. Nilikuwa mtoto wa miaka minane nilipoambiwa nikuite vipi, na nikatii, na nikajivuna kwamba natii. Nilikua, nikasoma, nikapewa meza na kengele. Sikuwahi kufikiri kwamba wewe ungeweza kuwa na lako la kusema. Nisamehe.

Kipkurui alikwenda kwao Jumapili iliyopita. Mama yake alimfungia mlango. Akakaa nje kwenye jiwe mpaka jioni. Jioni mama alifungua, akatoa bakuli la uji, akarudi ndani. Kipkurui anasema uji ulikuwa na asali, na mama yake huwa hawekei wageni asali. Atakwenda tena mwezi ujao.

Kazi hii imenifundisha swali moja tu, na nilijifunza kwako. Mfanyakazi wangu nilimuuliza. Wewe sikukuuliza. Basi nakuuliza sasa, na jibu lolote utakalonipa ndilo nitakaloshika, hata ukisema nisibadilishe kitu. Nikuite nani?

Kimutai

*

Molo,
15 Septemba 1971

Kimutai,

Salamu kwa mkeo na watoto. Viazi vimetoka vizuri, nitakutumia gunia kwa dereva, na ulishone mdomo mwenyewe uone kazi ya watu.

Nilimsomea Chelagat barua yako. Ilibidi pia nimweleze niliyokuandikia mimi, nikamweleza yote. Niliogopa kuliko siku nilipopeleka ng'ombe kwao. Alikuwa anamenya viazi, na kisu hakukisimamisha. Akasema, "Hiyo nilijua tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa nangoja useme." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Wewe uliniuliza?"

Kisha akasema kesho yake wanawake wanakwenda kuni juu msituni, je, magoti yangu yanauweza mlima?

Nilikwenda. Waliimba njia yote, na nyimbo nyingi zimebadilika, sizijui. Nilirudi na vijiti vitatu, na mpaka leo siwezi kuinuka bila kushika ukuta.

Ukija, mbele ya wazee niite kama siku zote. Bado nina kesi mbili za mipaka sijaziamua, na wale wazee ni wagumu. Mwambie Kipkurui kuna kikongwe huku Molo anamwombea mama yake.

Ni mimi,
shangazi yako,
Tapsubei